Ng'ambo Ipi?

Niseme mapema: hasira nilizaliwa nazo. Mama yangu alikuwa akisimulia kwamba nilitoka tumboni nikigombana na mkunga. Kwa hivyo anayetafuta habari za mwanamke mpole aliyekaa pembeni akilia na ncha ya leso, atafute kwingine. Haya ni mambo yangu mimi na kitabu kimoja, na jinsi kitabu kile kilivyoingia katika ndoa yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kijiji chetu cha Wapokomo juu kidogo ya Garsen, ukingoni mwa Tana. Mume wangu alikuwa mwalimu. Alisoma Lamu miaka sita, akarudi na sanduku la bati, kanzu tatu, na kijitabu chembamba cha Kiarabu kilicholiwa na mchwa pembeni. Kilikuwa kitabu cha mantiki. Mantiki ni elimu ya kupima maneno: neno lina maana gani, likiungwa na jingine linazaa nini, na mtu akisha kusema hivi amelazimika kukubali vipi. Asili yake, alisema, ni kwa Wayunani wa kale. Waarabu wakaichukua, na sasa imefika Tana kwa mtumbwi. Watu walicheka. Yeye alikuwa hachezi.

Kila siku baada ya sala ya alasiri walikusanyika barazani kwetu. Wakulima wa Kipokomo walikuwa wengi, Msomali mmoja mwenye duka, na mfugaji wa Kiorma aliyekuwa hakosi hata siku moja. Mume wangu alisoma mstari kwa Kiarabu, akanyamaza, akavuta ndevu, kisha akautoa kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndiyo lugha iliyowakutanisha wote, kila mtu akichechemea kwa mguu wake. Na mimi nilikuwa jikoni. Ukuta wa jiko langu ndio uliokuwa ukuta wa baraza. Yeye aliuegemea, na palikuwa na ufa kwenye udongo, usawa wa sikio langu nikikaa kwenye mbuzi nikikuna nazi. Wee! Nazi nilizokuna mwaka ule zingetosha harusi saba.

Siku ya kwanza niliyosikiliza hasa, alikuwa akifasiri mlango wa kitabu unaohusu neno moja lenye maana mbili. Kitabuni mlikuwa na mfano wa Kiarabu ambao haukuingia kichwani mwa mtu. Akautupa, akatafuta wa kwetu. "Nikisema, jana nililalia mto, mmefahamu nini?"

Yule Muorma akajibu upesi, "Wewe iko kiboko."

Watu walikufa kwa kicheko. Hakujua kama mto ni wa kichwani pia; kwao mtu hulalia kigogo. Mume wangu akafurahi kweli kweli, akapiga goti, akasema huyo ndiye mwanafunzi, kwani ameshika maana moja na neno likamponyoka kwa maana ya pili, na hivyo ndivyo watu wanavyogombana duniani. Mimi kule ndani nikaacha kukuna. Nilifurahi mpaka nikaona haya, kama nimeiba kitu. Mto! Neno nililolitamka tangu utotoni, na sikuwahi kuligeuza nione tumbo lake.

Toka hapo sikulala vizuri. Nikienda kuteka maji nilikuwa nawakamata wenzangu maneno. Mmoja akisema, "Wanawake wa kule wote wachawi," namuuliza, "Wote ama baadhi?" Wakasema nimeingiwa na wazimu wa Kiarabu. Wacha waseme.

Mara nyingine barazani palikuwa pakichemka. Kitabu kilisema mtu ni mnyama asemaye. Yule mfugaji akakataa. Ng'ombe wake jike akiitwa huitika. Je, naye mtu? Mume wangu akafikiri, akasema, "Anaitika, lakini hawezi kusema uongo."

"Basi andika mtu ni mnyama mwongo, tumalize," akasema Muorma.

Na siku ya mlango wa sharti, ndiyo siku niliyounguza wali. Sharti ni maneno ya "kama" na "ikiwa". Mume wangu akawaambia: "Kiboko akiingia shambani, mpunga hulala. Haya. Asubuhi umeukuta mpunga umelala. Je, kiboko aliingia?"

"Aliingia!" wakasema wote.

"Hamkusoma kitu. Huenda ulikuwa upepo."

"Ama ng'ombe wa huyu," akasema mkulima mmoja akimtazama Muorma, na karibu washikane makoo, maana kesi ya ng'ombe na mashamba kwetu haikuanza jana. Lakini mimi nilikuwa nimeshafahamu. Sharti huenda njia moja. Ukilirudisha kinyumenyume, linakudanganya. Nikalirudia peke yangu mbele ya moto, kiboko na mpunga, mpunga na kiboko, hata harufu ya wali ikanishtua. Alipoingia na kuuliza kulikoni, nikamwambia, "Wali umeungua, lakini usiseme moto ulikuwa mkali. Huenda mpishi alikuwa akisikiliza." Akacheka. Nilimpenda siku ile. Sitaki kudanganya.

Sasa kuhusu ulimi wake. Ulimi hauna mfupa, na ule wa mume wangu ulikuwa hauna hata mshipa. Mtu aliyepima maneno ya Wayunani kutwa, akikasirika alikuwa hapimi lake. Alikuwa ameshaniacha mara mbili. Talaka ya kwanza ilikuwa ya chumvi kwenye mchuzi. Ya pili nilimjibu mbele ya kaka yake. Mara zote mbili alinirejea kabla siku za eda hazijatimia, analia, ameleta kanga. Ila kila Mwislamu anajua kwamba talaka ni tatu, na ya tatu haina kurejea. Nilikuwa nimebakiwa na moja, nayo ilikaa mdomoni mwake. Akipandisha sauti tu, roho yangu inasimama. Nilichoka kuishi ndani ya mdomo wa mtu.

Mama yangu alikaa ng'ambo, upande wa pili wa mto, mkabala na nyumba yetu. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Kila asubuhi alifika ukingoni kwake na fimbo, akapiga ukelele, "Mwanangu weee! Umeamkaje?" nami nikamjibu kutoka kwetu, na maji katikati. Siku moja hakuja. Nikapanda mtumbwi, nikamkuta ana homa, nikakaa naye siku mbili. Kumbe siku hiyo ya pili mume wangu amepata mgeni, shehe wa Kipini, amekuja mahsusi kusikiliza darasa. Wamekaa wee, hapana kahawa, hapana tende, hapana mke. Niliporudi nilimkuta amesimama bandarini na wanafunzi wake wote. Sijakanyaga nchi kavu vizuri, akanyoosha kidole juu ya maji kuelekea kwa mama, akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie:

"Ukienda tena ng'ambo, nimekuacha. Na hiyo ndiyo ya tatu."

Nilijibu? Sikujibu. Nilipita, nikaingia jikoni, nikavunja chungu. Chungu kizuri, tena cha kwangu mwenyewe.

Miezi minne sikuvuka. Mama alikuwa akipiga ukelele wake, nami namjibu, na siku nyingine alikuwa akiniuliza, "Mbona huji?" nami nasema, "Nina kazi, mama." Kumwambia mzazi uongo kwa kupiga kelele ni jambo baya, kijiji kizima kinasikia. Na kila alasiri nilikuwa kwenye ufa wangu, naye akifasiri sharti na majibu ya sharti kwa sauti nzuri ile ile iliyonifunga mguu. Nilikuwa nikimsikiliza na kumtukana kwa pamoja.

Kisha mvua zikanyesha huko juu bara, na Tana ikaja.

Anayeijua Tana anajua kwamba haina adabu. Tulikaa siku tisa kwenye tuta, watu na mbuzi na kuku, maji pande zote, mama naye na watu wa upande wake kwenye tuta lao. Yalipopungua tukashuka, na watu wakasimama vinywa wazi. Mto haukuwapo. Ule mto uliokuwa ukipita mbele ya nyumba yetu, kati yetu na mama, umekwisha. Pamebaki tope na vidimbwi na kambare wanaorukaruka. Mto umevunja ukingo kule juu, umezunguka, sasa unapita nyuma ya nyumba, baina yetu na shamba letu la mpunga. Ulikuwa mbele, umekwenda nyuma. Basi, ndivyo.

Wiki ya kwanza tulishughulika na mpunga. Mume wangu alitafuta mtumbwi, akaniambia panda, akashika kasia, akanivusha mto mpya hadi shambani. Tukavuna uliobaki umesimama, tukarudi nao. Tulifanya hivyo siku tatu. Wiki ya pili mama hakupiga ukelele siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu nikakunja kanga magotini, nikasimama pale ilipokuwa bandari. Mbele yangu tope, ng'ambo ya tope nyumba ya mama. Nilijua nafanya nini. Nikasema potelea mbali, nikashuka.

Nilimkuta mzima, sauti tu imemkauka. Nilimwogesha, nikampikia, nikarudi alasiri na matope mpaka kiunoni. Darasa limekaa. Nikasimama mbele ya wanaume wote, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikasema, "Mwalimu, nimekwenda ng'ambo. Talaka yangu imepita. Niandikie."

Alinitazama. Nikaona anakaribia kucheka, si kwa dharau, kwa furaha, kama alivyokuwa akipata mfano mzuri. Akauliza, "Ng'ambo ipi?"

"Kwa mama."

"Kwa mama si ng'ambo. Ng'ambo ni neno la kupimia, halina mahali pake. Mimi nikiwa hapa, ng'ambo ni kule. Mama yako akiwa kule, ng'ambo ni hapa. Ng'ambo ni upande wa pili wa mto, na mto uko wapi? Uko nyuma. Mama yako na sisi sasa tuko upande mmoja. Hukuvuka kitu ila matope. Sharti halikutimia, na sharti lisipotimia, jibu lake halilazimu." Akawageukia wanafunzi. "Mmeona?"

Waliona! Walipiga makofi. Yule Muorma alisimama kabisa. Hata mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu ulipiga makofi, maana hoja ilikuwa tamu. Kisha akaniambia kwa upole, "Nenda kwa mama kila siku, mke wangu. Mungu ametuhamishia mto."

Sasa mtu ataniuliza, ulitaka nini tena? Mume unaye, mama unamwona. Hata mama aliniuliza hivyo: "Mwanangu, mume hakupigi, ana elimu, anakupenda. Unakimbilia wapi?" Nikamwambia: "Mama, ruhusa ya kukuona nimepewa na mafuriko, sikupewa na mume. Mto ukirudi mahali pake?" Mama alinipapasa uso, kwa kuwa kuniona ilikuwa taabu. Nilitaka nitoke katika mdomo ule, na mlango ulikuwa mmoja tu, nao ni ile talaka ya tatu. Ikiwa imepita, mimi huru. Ikiwa haikupita, narudi ndani, na uzi mmoja umebaki.

Nikamtaka kadhi. Kadhi alikuwa akipita Garsen kwa lori mara moja moja akitoka pwani, na mwezi ule alitazamiwa. Mume wangu akakubali mara moja. Alikuwa na hamu kuliko mimi! Kila alikokwenda alijisomea hoja yake njiani kama mtu anayejifunza kaswida.

Nami sikuwa na hoja. Siku kumi nilizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Nilijua amekosea mahali, lakini wapi? Siku ya kumi na moja nilikuwa natwanga. Mpunga uko kinuni, napiga, napepeta, napiga, nikauliza tu bure, kama mtu anavyojiuliza mambo: mpunga huu umetoka wapi? Umetoka shambani. Shamba liko wapi? Lilikuwa nyuma ya nyumba. Na sasa kati yake na nyumba kuna nini?

Nilitupa mchi. Haki ya Mungu, niliutupa ukampata kuku. Nilikwenda mbio hadi kwa mama, nikapita matope yale nusu kwa miguu nusu kwa makalio, nikamkumbatia nikicheka na kulia. "Mama, nimempata! Nimempata!" Mama akashtuka akauliza, "Nani, mamba?"

Kadhi alikaa kwenye veranda ya duka, pale Garsen karibu na kivuko cha kamba, akisubiri lori lake livushwe. Alikuwa mtu mnene, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na muda wa kupoteza. Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri kupita siku zote, neno kwa neno, ng'ambo haina mahali, ng'ambo yafuata mto. Kadhi aliacha kunywa chai. Mwisho akasema, "Mashallah. Sijasikia hoja kama hii tangu nilipokuwa mwanafunzi. Bibi, una neno?"

"Ninalo, Shehe. Lakini kwanza naomba shahidi."

Shahidi wangu ni yule Muorma. Kadhi akamuuliza aliona nini siku ile bandarini. Akajibu, "Mimi naona kidole. Mwalimu anatoa kidole namna hii. Mimi naogopa, nasema leo ng'ombe yangu iko kwa shamba ya watu. Naangalia sana. Hakuna ng'ombe. Iko nyumba ya mama ya huyu."

"Una hakika?"

"Mtu ya ng'ombe ikioneshwa kidole, inaangalia."

Watu wakacheka. Kadhi naye akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri zamu yangu kama farasi wa mashindano. "Shehe," nikasema, "mafuriko yamehamisha mto. Hayakuhamisha kidole. Siku ile neno ng'ambo lilifungwa na kidole mahali pamoja, napo ni kwa mama. Nimekwenda kwa mama. Talaka imepita."

Mume wangu akainua mkono. "Kidole kilionyesha ukingo, Shehe. Kilionyesha upande wa pili wa maji. Nyumba ilikuwapo tu nyuma yake."

"Vyema," nikasema. "Nakubali. Ng'ambo yafuata mto, Mwalimu?"

"Yafuata."

"Mto ukihama, ng'ambo nayo yahama?"

"Yahama." Sauti yake bado ilikuwa ya mwalimu.

"Na sasa mto uko wapi?"

"Uko nyuma ya nyumba."

"Na ng'ambo ya mto huo kuna nini?"

Nilimwona akifungua kinywa. Nilimwona akifika. Sijui niseme vipi furaha niliyokuwa nayo wakati ule. Ilinikaa hata kwenye meno. "Kuna shamba letu la mpunga," nikamjibia. "Na wiki ya kwanza baada ya maji nilikwenda huko, Shehe. Siku tatu. Nilivushwa kwa mtumbwi. Aliyeshika kasia ni yeye. Kama ng'ambo imebaki kwa mama, nimekwenda kwa mama. Kama ng'ambo imehama na mto, mume wangu mwenyewe amenipeleka. Shehe achague ipi apendayo. Zote mbili zinanitoa."

Kule kivukoni watu walikuwa wakivuta kamba ya feri na kuimba. Mkulima mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Lo, amekwisha."

Kadhi alifuta uso kwa leso, akamtazama mume wangu kwa huruma. "Mwalimu, sikiliza. Sheria haina haraka ya kuvunja nyumba. Maneno ya kiapo hurudi kwa nia ya aliyesema, na aliyesahau ana udhuru wake. Kama uliposema ng'ambo ulikusudia maji tu, hukukusudia nyumba ile, nitakusadiki. Na kama siku ya kumvusha mkeo kwenda shambani ulikuwa umesahau kiapo, hiyo nayo nitakusadiki. Sema ulikusudia nini."

Ebo! Hoja yangu yote, siku kumi na moja na kuku mmoja kilema, na hapa mwanamume anapewa njia ya kutokea: aseme maneno mawili tu, nani atamwingia moyoni aone? Kuhusu shamba, nadhani alikuwa amesahau kweli. Nikamtazama, buibui limeteleza, sikujali. Naye alikuwa ananitazama. Alivuta ndevu zile. Kisha akasema:

"Nilikusudia kwa mama yake, Shehe."

"Mwalimu, fikiri."

"Nimefikiri miezi. Nilikusudia kwa mama yake, naye alijua, na kila aliyekuwapo alijua. Yale mengine niliyatafuta baadaye."

Kadhi akasema talaka imepita, ya tatu, haina kurejea. Akasema nitakaa eda nyumbani kwa mume, tohara tatu za baada ya hedhi, yeye alale kwingine, na mchana naruhusiwa kwenda kumtazama mama kwa kuwa ana dharura. Kisha akapanda lori. Watu walinipa njia nilipotoka, na wanawake wa Garsen ambao hata siwajui walinishika mkono. Nilikuwa huru. Nilitaka kuruka. Niliruka hasa, nyuma ya duka, mahali pasipo mtu, mara mbili.

Mume wangu alihamia kwa kaka yake. Nilidhani darasa limekufa. Lakini siku ya pili, baada ya alasiri, nikasikia mikeka inatandikwa. Nikakaa kwenye mbuzi, nikaweka sikio. Sauti ikaja kutoka mbali, si ukutani. Nikachungulia ufani, na badala ya mgongo wa kanzu nikaona uso. Alikuwa ameketi upande wa nje wa baraza, ameelekea ukuta wangu, na wanafunzi wote wamegeuka kumfuata. Yule Muorma alinung'unika, "Mwalimu, leo jua napiga macho yetu."

"Vumilieni," akasema, na akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti kubwa, kama kwa viziwi, na kila mstari akaufasiri mara mbili. Alipofika mwisho wa mlango akauliza, "Kuna swali?" akitazama ufa. Wanafunzi walitazamana. Sikujibu.

Ikawa hivyo siku zote za eda. Asubuhi nakwenda kwa mama, adhuhuri narudi, alasiri nakuna nazi hata kama hapana cha kuungwa. Nilikuwa nimeshinda, nami nilifurahia kila mstari kuliko zamani, na nilikasirika kwamba nafurahia. Alimaliza kitabu siku moja kabla ya siku zangu kutimia. Sijui alihesabu au ilitokea tu. Akakifunga, akakiweka juu ya goti.

"Kuna swali?"

"Lipo," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza ukuta kusema. Yeye akajisogeza mbele kidogo kwenye mkeka. "Uliza."

"Mtu akimwambia mkewe, ukienda nimekuacha. Sharti tumelisoma na jibu la sharti tumelisoma. Nataka kujua yeye mwenyewe anasema nini. Anasema aende, au anasema asiende?"

Hakufungua kitabu. Nikamwona vizuri kupitia ule ufa, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ambazo sikuwahi kuziona, kwani ufa ule nilizoea kuuwekea sikio, si jicho.

"Anasema asiende," akasema. "Anamwomba abaki. Hajui kulisema."

Nilikuwa na kifuu mkononi. Nikakiweka chini.

"Nimefahamu, Mwalimu," nikasema, na asubuhi yake nikahamia kwa mama.